Mguu Nyuma ya Gauni la Idd

Saumu mwanangu,

Assalaam alaikum. Najua leo nimekusalimu mara nyingi, lakini hii ni salamu ya karatasi, nayo ina haki yake.

Begi lako liko mlangoni, limefungwa. Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya maji ya huko Taru unakokwenda kazini, wala ya kukaa na wagonjwa mpaka ukasahau kula. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, umekuwa redio sasa." Haya, redio imezimwa. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni la babako.

Ningeweza kukurekodia sauti kwenye simu kama ninavyofanya siku zote, kwa kuwa kuandika kunanichosha. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, na herufi zangu zinakwenda kama kuku waliofungwa miguu. Lakini sauti nayo hutumwa. Kidole kikiteleza kidogo, imekwenda kwa mtu mwingine. Karatasi haina mahali pa kubonyeza.

Jana nilikutumia sauti kutoka jikoni, njoo unionjee mchuzi. Wewe ulikuwa chumbani, ukuta mmoja tu kati yetu, ukanijibu kwa ile stika. Mguu mmoja mnene umevalishwa kiatu chekundu cha kuchora, unatikisika, na chini yake pameandikwa: Leo siji, mguu mzito. Nilikusikia ukicheka. Kisha ukaja, ukaonja, ukasema chumvi haijakolea. Mimi nikageuka, nikakwambia moshi umeniingia machoni. Tulikuwa tunapikia gesi, Saumu.

Mguu ule ni wa babako.

Usiikunje karatasi hapo. Nimekaa na neno hilo miaka, na nimeapa kwa mtu kwamba sitalisema. Sasa mtu mwenyewe yuko chini ya mchanga, nawe unaondoka ukiwa umemkasirikia, na kiapo kile kimeniwia kizito kuliko kukivunja. Soma mpaka mwisho, mwanangu. Sikuandikii ili ulie. Nikikuona umelia kesho nitaichukua barua hii niitie motoni.

Wewe ulijua kwamba babako ana mguu mbovu. Ulijua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, kwa kuyazunguka. Lakini hukuwahi kuuona wazi, na hiyo haikuwa bahati, ilikuwa kazi yake. Matende yalimshika akiwa bado kijana, kabla hajanioa. Siku aliyokuja kwetu kunitazama alikaa nyuma ya meza tangu alipoingia mpaka alipoaga, hakuinuka hata kunawa mikono, akaletewa birika palepale. Alipoondoka mamangu akasema, kijana huyu ana adabu, hatangitangi katika nyumba ya watu. Tulikuja kulicheka hilo mimi na yeye maisha yetu yote.

Tazama picha zake zote. Yuko nyuma ya kiti, nyuma ya mbuzi wa Idd, nyuma yako wewe ukiwa mdogo amekushika mabega. Watu walidhani anapenda watoto mbele, na ni kweli alipenda, lakini pia mlikuwa pazia lake. Kazi ya cherehani aliichagua kwa sababu fundi hukaa, na meza ya cherehani humficha. Alikanyaga kwa mguu mzima. Ule mwingine aliushonea soksi za kitambaa mwenyewe, zenye kamba juu, za kubadilisha kila siku, rangi ya suruali. Nani alimshonea mtu soksi ya mguu kama huo dukani? Hakuna. Akajishonea.

Na kila alasiri tulifunga mlango wa chumba. Ninyi mliambiwa baba amelala. Hakuwa amelala. Nilikuwa namwosha mguu kwa sabuni, polepole, katikati ya vidole, kisha naukausha kwa kitambaa laini kama tulivyofundishwa na wale akina mama wa afya wanaopita majumbani. Baadaye anauinua juu ya kile kigoda cha buluu, tunazungumza. Habari zote za nyumba hii zilizungumzwa hapo. Shule yako ilizungumzwa hapo. Wake wengine wana mambo yao na waume zao, sisi tulikuwa na beseni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeuona mguu ule, hata nduguze.

Mimi ndiye niliyeuonyesha.

Unalikumbuka gauni la Idd, lile la kijani cha ndimu lenye mikono ya kufura, ulipokuwa kidato cha tatu? Ulikuja kuniuliza picha yake iko wapi nikakwambia simu imeimeza. Nilikudanganya. Picha niliifuta kwa mkono wangu.

Siku ile babako alitoka kuswali Idd, joto lilikuwa kali, akakaa ukumbini kwa nyuma, akavua soksi, akapandisha kanzu, akaweka mguu kwenye kigoda upate hewa. Nyumba ilikuwa yetu peke yetu. Wewe ukatoka chumbani umevaa gauni, ukajizungusha. Wallahi nilisahau kila kitu. Nikakwambia simama hapo, nikakupiga picha. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nyuma yako, wewe ukiwa umempa mgongo. Nilikutazama wewe tu. Mama akimpiga mwanawe picha hatazami mlango.

Nikaitia katika kile kikundi chetu cha akina mama, cha harusi na matanga. Nikaongea kwa maringo: gauni hili limeshonwa na Fundi Hamisi, anayetaka aje. Nilitaka waone mkono wake. Wakaona mguu.

Hawakusema kitu siku ile. Waliweka maua na vile vichwa vya kucheka, nikafurahi. Baada ya siku chache Mama Brayo jirani, naye yumo kikundini, akaja na simu yake ameiinamisha kama mtu anayebeba kikombe cha uji kilichojaa. Unamjua, yule ni wa bara, hana maneno ya kuzunguka. Akaniambia, "Mama Saumu, usiskie vibaya. Si hii ni mguu ya mzee?"

Nikaitazama. Wewe umekatwa, mlango umekatwa, kigoda kimekatwa. Umebaki mguu peke yake, na mtu amekaa, ameufikiria, akauchorea kiatu chekundu, akautia maneno. Mama Brayo akasema ametumiwa na dada yake aliye Nakuru, asiyemjua hata mtu mmoja wa Msambweni. Akakaa na mimi mpaka adhuhuri bila kuongea, na Mama Brayo kukaa bila kuongea si jambo dogo.

Aliyeukata simjui mpaka leo. Nilikitazama kikundi kile, akina mama niliopika nao matangani, nikawapitia mmoja mmoja kwa macho kila tukikutana. Hilo nalo ni adhabu, Saumu. Nilipoteza watu wote kwa kumtafuta mmoja. Huenda hakuwa hata mmoja wao. Huenda ni mtoto wa mmoja wao, kashika simu ya mamake.

Nilimficha babako. Nikafikiri, yeye hana kikundi, atajulia wapi? Alijulia kazini. Vijana wa pale kibandani, waliokwisha kusikia mguu ni wa nani, walikuwa wakimwona anainuka kwenda kuswali wanasema, "Fundi, leo huji?" wanaangua kicheko. Alidhani ni utani wa kawaida, akawa anawajibu naja, naja. Mpaka mmoja akamwonea haya akamwonyesha.

Alirudi nyumbani mapema. Alikaa kitandani, akavua soksi mwenyewe bila kuningoja. Akaniuliza, "Ulionyesha watu wangapi?"

Nikamwambia nilidhani ni akina mama tu.

Akasema, "Akina mama tu," kama anayejifundisha maneno ya lugha ngeni. Hakunigombeza. Ningeomba anigombeze. Nilileta maji nikamwosha, na alikuwa akitazama ukutani, na hatukuzungumza habari yoyote ya nyumba siku ile. Baada ya hapo aliihamisha cherehani kutoka barabarani akaileta ukumbini. Wewe ulikuja likizo ukafurahi kwamba baba anafanyia kazi nyumbani. Ulimwuliza, naye akakujibu amechoka na vumbi la barabara.

Likizo ileile ulikwenda kwa shangazi yako Diani. Nikakutumia ujumbe wa sauti urudi kesho yake. Nawe, kwa simu ya shangazi, ukajibu kwa stika ile ya mguu.

Unajua kuwa jumbe zangu alikuwa akinisomea babako, kwa kuwa herufi za simu ni ndogo kwa macho yangu. Alikuwa ameshika simu yeye. Nilikuwa napepeta mchele, nikamwuliza anasemaje huyo. Nikainua kichwa nikamwona ameisogeza simu karibu na macho, anautazama mguu wake unavyotikisika.

"Ni Saumu huyu?" akauliza.

Nikasema ndiye, lakini hajui, mtoto hajui, ameokota kwa wenzake.

Kisha akasema, "Wamenivalisha kiatu. Maisha yangu yote sijapata kiatu cha mguu huu." Akacheka, Saumu. Alicheka kweli, mpaka akajifuta macho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake. Nikaacha ungo nikaenda nikakaa karibu naye. Nikamwambia nitakwambia uifute. Hapo ndipo aliponiapisha. Akasema, "Usimwambie. Akijua, hatacheka tena nikiwa karibu."

Hayo ndiyo niliyoyabeba. Na katika miaka hiyo yote umeituma sijui mara ngapi, kwangu, kwa binamu zako, kwenye kikundi cha familia chenyewe, naye yumo. Kila ilipokuja aliniambia, "Mwanao ameniita." Sijui kama yalikuwa maumivu au yalikuwa mapenzi. Nadhani mwisho wake yeye mwenyewe hakujua.

Sasa nikwambie siku ya zawadi shuleni kwenu.

Baada ya arubaini ya babako tulikuwa tunaanika vyombo, ukaniambia, "Baba alikuwa mzuri, mama, lakini siku ile hakuja. Alitaka kutokuja." Nikaendelea kuanika vyombo. Nilipaswa kusema palepale.

Alikuja, mwanangu. Mimi nilibaki na bibi yako aliyekuwa mgonjwa, na yeye ndiye tuliyekubaliana aende, kwa sababu anasoma, angeelewa maneno ya mwalimu. Alijishonea suruali mpya na soksi mpya za rangi hiyohiyo. Alinunua halua, akaifunga kwenye leso yangu. Alifika Kombani, akateremka pale ili apande gari jingine la kwenda Kwale. Pale palikuwa na wasichana wawili wa sare ya shule yenu wamekuja kuwapokea wazazi wao. Mmoja alikuwa ameshika simu ya mamake, akamwonyesha mwenzake kitu, wakacheka. Basi. Hawakumtazama hata. Huenda walikuwa wanatazama paka.

Lakini yeye alikwisha kuwa mtu wa kudhani kila simu imembeba. Alisimama pale kituoni, wanafunzi wanapita, anahesabu moyoni: nikiingia uwanjani nitatembea mbele ya watu wote mpaka kwenye kiti, na atatokea mmoja atakayesema, ule mguu. Na wakiujua mguu wataniuliza mimi baba wa nani. Alisimama mpaka jua likampiga, kisha akavuka barabara akasubiri gari la kurudi.

Alipoingia nyumbani na halua yake kama alivyoifunga, nikamwuliza vipi. Akasema, "Wakinijua mimi, watamjua yeye. Ana mwaka mzima wa kukaa na wale watoto." Kisha akachukua simu akakupigia kwa simu ya mwalimu wako, akakwambia mguu umemzidi leo. Nawe ulikuwa umesimama langoni. Ulimwambia, "Likizo yote ulikwenda msikitini kwa miguu." Nilisikia. Alisema ndiyo, na akakata.

Ile halua hakuna aliyeila. Ilikauka.

Kwa hiyo hakutaka kutokuja. Alitaka wewe uendelee kuwa Saumu tu, msichana wa kwanza katika sayansi, na si Saumu wa ule mguu. Kama kuna mtu wa kumkasirikia, ni mimi niliyekupiga picha mlango ukiwa wazi. Nikasirikie. Nitastahimili. Lakini mwachie babako, maana yeye hana tena namna ya kujitetea, na hata alipokuwa nayo hakuitumia.

Sasa utaelewa mambo mengine. Utaelewa kwa nini siku ya maziko nilisimama mlangoni nikiwaomba watu waweke simu mifukoni, ukaniona nimekosa adabu mbele ya wageni, na ukalalamika kwamba hatuna hata kumbukumbu moja ya siku ile. Na utaelewa kwa nini wiki hii ulipotaka tupige picha pamoja uwaonyeshe rafiki zako kwamba unaanza kazi, nilijifunika leso usoni, nawe ukanuna mpaka jioni. Haikuwa ushamba, mwanangu. Au labda ni ushamba pia, lakini una sababu yake.

Mimi siwezi kukufunza simu. Wewe ndiye uliyenifunza hata kuongeza mwangaza. Ninachojua ni kitu kimoja tu na nilikinunua ghali: watu hutazama uso katika picha, na picha haina uso peke yake. Ina mlango nyuma. Ina kitanda cha mtu, dawa za mtu, nguo ya ndani ya mtu iliyoanikwa, mtu amelala akidhani yuko kwao. Mimi nilidhani naigawa furaha yangu. Kumbe ndani yake mlikuwa na kitu cha mwenzangu ambacho hakuwa amenipa nikigawe.

Unakwenda kwenye zahanati. Utawaona watu wakiwa wamevuliwa na maradhi kila kitu, mpaka sauti. Niliziona picha za wenzako waliotangulia kazini, wamesimama kando ya vitanda wamevaa sare nyeupe, wanapendeza, Mungu awabariki. Siwasemi. Mimi huwa natazama tu nyuma yao. Juzi niliona kisigino cha mzee, kimetoka kwenye shuka, nikajiuliza mzee huyo ana nani nyumbani.

Kama atakuja kwako mtu wa kule, mchunga ng'ombe au mkulima, akakaa nyuma ya meza yako akakataa kuinuka, usimwone mkaidi. Inuka wewe kwanza. Funga mlango. Kisha umwulize polepole. Hutakuwa na haja ya kumwambia kitu kingine, atavua mwenyewe.

Na ile stika, fanya utakavyo. Nilitaka kukuomba uifute, kisha nikafikiri, ni mguu wa babako, wewe ndiye mrithi wake, si mimi wa kukupangia. Ila ukiipata kwa wengine, na utaipata, usigombane nao. Hata wewe ulikuwa mmoja wao na hukuwa mbaya.

Kesho asubuhi tutapiga ile picha uliyoitaka. Nimekubali, nimeshatoa leso ile mpya. Tutasimama nje, mgongo wetu ukiwa ukutani, na nitaitazama kabla hujaituma popote. Usinichekee nikivaa miwani.

Nina jambo la mwisho. Katikati ya sare zako, chini kabisa, kuna moja ya zile soksi za babako, ya rangi ya kahawia, nimeifunga kamba. Ndani yake mna simu yangu ya zamani. Haina laini, na tangu siku ile sijaitia bando. Mna picha moja. Hakuna mwingine aliyeiona, hata kuichapisha pale Ukunda nilikataa, kwa sababu ningelazimika kumpa kijana wa studio.

Aliitaka yeye, wiki ile ya mwisho alipokuwa bado anaweza kukaa. Nilikuwa nimemaliza kumwosha. Akaniambia, lete simu, unipige mzima, kuanzia kofia mpaka vidole. Nikakataa. Nikamwambia sitaki tena mambo hayo. Akasema, "Hii si ya kugawa. Hii ni ya Saumu. Siku ukishindwa kunyamaza, na utashindwa, nakujua, umpe."

Akajiweka sawa. Akapandisha kanzu mwenyewe, akauweka mguu juu ya kigoda cha buluu mbele kabisa, pale alipokuwa akikuweka wewe ulipokuwa mdogo. Hakuna kiti, hakuna mbuzi, hakuna mtoto. Utamwona anacheka na mdomo uko wazi. Ni kwa sababu alikuwa anasema kitu nilipobonyeza, na picha haikukishika, kwa hiyo nakuandikia mimi hapa.

Ukifika Taru na ukipata chumba chako, itie simu chaji. Usiiwashe mbele ya watu. Funga mlango kwanza, ukae kitandani, ndipo umfungue.

Alikuwa anasema, "Mwambie leo nimekuja."

Mimi mamako.